Amri Moja Siku ya Maafa

Maelezo yetu ya leo tunayaelekeza hasa kwa askari wa Jeshi la Ulinzi la Taifa na wa Polisi ya Taifa, walio kambini, mipakani, magerezani na katika vituo vya barabarani. Jambo tunalokusudia kulichambua laweza kuonekana, kwa mtazamo wa kwanza, kuwa ni shauri la maofisi. Nalo ni hili: je, idara za serikali zinazohusika na usalama wa watu, yaani zimamoto, ulinzi wa raia, polisi, huduma za hospitali za dharura na wapimaji wa hali ya hewa, ziendelee kufanya kazi kila moja chini ya wakubwa wake, au ziwekwe chini ya chombo kimoja cha kukabiliana na maafa?

Aliyewahi kuamshwa saa nane ya usiku kwa sababu korongo limevunja kingo zake anajua kwamba shauri hili haliishii ofisini. Askari wa doria ndiye aghalabu afikaye wa kwanza. Akifika, hana budi kujua papo hapo mambo matatu: amwarifu nani, apokee amri kutoka kwa nani, na msaada utakuja kutoka wapi. Asipoyajua hayo, ushujaa wake wote hauwezi kufidia dakika zinazopotea. Na katika maafa dakika huhesabiwa kwa roho za watu.

Ndugu wasikilizaji, tuanze na yaliyotukia hapa kwetu. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 27 Januari 2013, moto uliwaka katika soko kuu la Bujumbura, lililokuwa kitovu cha biashara ya nchi nzima. Magari ya zimamoto yalikuwa machache, maji hayakutosha, na moto ukaenea kutoka safu moja ya vibanda hadi nyingine mbele ya macho ya wenye mali. Jirani zetu wa Rwanda walileta msaada wa helikopta. Hata hivyo soko liliteketea, na maelfu ya wachuuzi, wengi wao wakiwa wanafanya biashara kwa fedha za mkopo, walilala siku ile wakiwa hawana kitu.

Mwaka mmoja baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua kubwa ilinyesha juu ya vilima vinavyouzunguka mji. Maji yaliteremka kwa nguvu na kuvamia mitaa ya kaskazini ya Bujumbura, ikiwamo Kamenge, Kinama na Buterere. Nyumba za matofali ya udongo zilibomoka juu ya watu waliokuwa wamelala. Waliopoteza maisha walizidi 60, na maelfu walibaki bila makao.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Desemba 2019, katika komini ya Mugina, mkoa wa Cibitoke wa wakati ule, ardhi ya vilima iliporomoka na kuwafukia watu wasiopungua 38. Mwezi wa Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika na kuizamisha sehemu kubwa ya Gatumba, na miaka iliyofuata Ziwa Tanganyika nalo likapanda hata kukaribia kiwango kilichokumbukwa na wazee tangu mwaka 1964. Na alfajiri ya tarehe 7 Desemba 2021 moto uliwaka katika gereza la Gitega. Jengo lile lilijengwa kwa ajili ya watu 400, nalo siku ile lilikuwa na wafungwa zaidi ya 1,500. Makamu wa Rais Prosper Bazombanza, aliyefika mahali pale, alitangaza vifo vya watu 38 na majeruhi 69.

Hatuyataji haya ili kumnyoshea mtu kidole. Tunayataja kwa kuwa yanafanana katika jambo moja. Katika kila tukio palikuwa na watu wa aina mbalimbali waliotakiwa kutenda kwa pamoja: mwenye funguo, mwenye gari la maji, mwenye machela, mwenye koleo, mwenye redio ya mawasiliano, na mwenye mamlaka ya kufunga barabara. Watu hao wote wapo katika nchi. Wanalipwa mshahara, wamevaa sare, wamekula kiapo. Swali ni nani anayewaunganisha wakati muda wa kufanya mkutano haupo.

Hebu tutazame jinsi kazi ilivyogawanywa. Mvua hupimwa na Taasisi ya Jiografia ya Burundi, IGEBU, iliyo chini ya wizara inayoshughulikia mazingira. Uokoaji ni kazi ya idara ya ulinzi wa raia, iliyo upande wa usalama wa umma. Majeruhi hupokewa na wizara ya afya. Waliopoteza nyumba huangaliwa na wale wanaoshughulikia mshikamano wa taifa. Daraja likikatika, mhandisi atoke upande wa ujenzi, au wahandisi wa jeshi waitwe. Na huko vilimani mtu wa kwanza kufika, pamoja na askari, mara nyingi ni mhudumu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wa Burundi. Kila mmoja wa hawa ana mkuu wake, bajeti yake na kitabu chake cha taarifa. Ipo kamati ya taifa, iitwayo Jukwaa la Taifa la Kuzuia Hatari na Kusimamia Maafa, inayowakutanisha wadau hao. Lakini kukutanisha ni jambo moja, na kuamuru ni jambo jingine. Kamati hushauriana, ilhali moto hautangoji kikao kiishe.

Wahenga walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Sisi hatuna upungufu wa manahodha. Kazi iliyobaki ni kuamua, kabla ya dhoruba, ni nani atakayeshika usukani.

Ndugu wasikilizaji, nchi nyingine zimekwisha kukutana na tatizo hili, na yafaa tujifunze kwao, katika mema yao na katika makosa yao.

Katika jimbo la California, nchini Marekani, mwaka 1970, moto wa misitu uliwaka kwa muda wa siku 13. Watu 16 walikufa na majengo yapatayo 700 yaliteketea. Wakati ule California ilikuwa na vikosi vya zimamoto vingi na vyenye vifaa vya kutosha. Uchunguzi ulionesha kwamba vikosi hivyo viliposhirikiana, kila kimoja kilitumia maneno yake na mawimbi yake ya redio. Amri moja ilieleweka kwa maana mbili. Magari yaliyokuwa yakienda kuzima moto upande mmoja yalipishana njiani na magari yaliyotoka upande huo huo. Kutokana na msiba ule ulibuniwa utaratibu wa uongozi wa tukio ambao leo hutumika katika nchi nyingi. Misingi yake askari yeyote ataitambua: tukio moja huwa na kamanda mmoja, kila mtu hupokea amri kutoka kwa mkuu mmoja tu, mkuu mmoja husimamia watu kati ya 3 na 7, na 5 ndiyo idadi bora, na wote hutumia lugha ya kawaida badala ya mafumbo ya idara. Kwa kweli, waliobuni utaratibu ule walirudi kwenye mambo ambayo jeshi hufundisha kuruta katika wiki zake za mwanzo.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1979, Rais Jimmy Carter aliunganisha ofisi kadhaa zilizotawanyika katika serikali yake, zikiwamo za ulinzi wa raia, za misaada ya maafa na za kinga ya moto, akaunda shirika moja liitwalo FEMA. Magavana wa majimbo walikuwa wamelalamika kwamba gavana aliyepatwa na mafuriko alilazimika kubisha hodi katika milango mingi ya serikali kuu. Tangu hapo akawa na mlango mmoja.

Lakini hadithi haikuishia hapo, na sehemu yake ya pili ina mafunzo makubwa zaidi. Mwaka 2003, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, Marekani iliunda wizara kubwa mno ya usalama wa ndani kwa kuunganisha idara 22. FEMA, iliyokuwa ikizungumza na Rais moja kwa moja, ikawa idara moja kati ya nyingi, na macho ya wakubwa yakaelekea kwenye ugaidi. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga kiitwacho Katrina kilipiga pwani ya kusini, kingo za maji za mji wa New Orleans zikavunjika, na watu zaidi ya 1,000 wakafa. Taifa tajiri kuliko yote duniani lilitazamwa likichelewa kuwapelekea maji ya kunywa raia wake waliokuwa juu ya mapaa. Mwaka 2006 Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria ya kumrudishia mkuu wa FEMA haki ya kumshauri Rais moja kwa moja wakati wa maafa. Funzo ni bayana: idara zaweza kuunganishwa vizuri, na zaweza kuunganishwa vibaya. Kujenga jengo kubwa na kupachika kibao kipya mlangoni hakujamwokoa mtu majini.

Sasa tutazame jirani zetu wa Afrika Mashariki. Kenya iliunda Kituo cha Taifa cha Operesheni za Maafa mwaka 1998, kufuatia mvua za El Niño. Mwaka 2011 ikaundwa mamlaka nyingine ya kushughulikia ukame, na baadaye kitengo kingine cha maafa upande wa polisi. Kila chombo kilianzishwa kwa nia njema, baada ya msiba fulani. Hata hivyo vyombo vyenye majina yanayokaribiana vilijikuta vikisimama pamoja penye tukio moja. Na yaliyotukia katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, mwezi wa Septemba 2013, kila askari hana budi kuyatafakari. Magaidi waliwaua watu 67. Kikosi maalumu cha polisi kiliingia na kuanza kuwasukuma magaidi nyuma. Kisha jeshi nalo likaingia, bila ya pande mbili kuwa chini ya amri moja, na afisa wa kikosi kile cha polisi akauawa kwa risasi za askari wenzake. Polisi wakajiondoa, na operesheni ikaendelea kwa siku kadhaa. Risasi ile ilipigwa na askari aliyekuwa akitimiza kazi yake. Kosa lilikuwa katika mpango, kwani palikuwa na amri mbili mahali palipostahili amri moja.

Tanzania ilichukua njia nyingine. Zamani vikosi vya zimamoto vilikuwa mali ya halmashauri za miji, kila mji na uwezo wake. Mwaka 2007 ilipitishwa sheria iliyoviweka vikosi hivyo chini ya Jeshi moja la Zimamoto na Uokoaji, katika Wizara ya Mambo ya Ndani, na uratibu wa maafa ukabaki katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Ilikuwa hatua ya maana, kwa kuwa mafunzo, vyeo na vifaa sasa vina mpango mmoja wa nchi nzima. Hata hivyo tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipotumbukia katika Ziwa Viktoria karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, waliofika wa kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 waliokoka na 19 walikufa. Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza kijana mmoja kati ya wavuvi wale aandikishwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hapa pia pana funzo. Chombo cha taifa, hata kikiwa kimeungana namna gani, hakina budi kujua ni nani aliye karibu na maji, karibu na kilima, karibu na moto, na kumhesabu mtu huyo kuwa ni sehemu ya nguvu zake.

Ndugu wasikilizaji, pengine mtu atasema kwamba kuunganisha idara zenye mila tofauti ni ndoto, kwamba kila moja itang'ang'ania sare yake, magari yake na vyeo vyake. Kwa swali hilo sisi Warundi tuna jibu ambalo mataifa mengi hayana.

Kabla ya mwaka 2005 kazi ya polisi katika nchi hii ilikuwa imegawanyika. Jandameri ilikuwa chini ya Wizara ya Ulinzi. Polisi ya upelelezi wa mahakama ilikuwa chini ya Wizara ya Sheria. Polisi ya usalama wa umma ilikuwa na wakubwa wake, na polisi ya anga, mipaka na wageni ilikuwa na utaratibu wake. Kisha, kwa kufuata Mapatano ya Arusha ya Agosti 2000, zilitungwa sheria mbili za tarehe 31 Desemba 2004, moja ikiunda Jeshi la Ulinzi la Taifa na nyingine ikiunda Polisi ya Taifa. Katika vyombo hivyo hawakuingia askari wa idara mbalimbali peke yao. Waliingia pia watu waliokuwa wamepigana wao kwa wao msituni, bunduki ikielekezwa kwa bunduki. Walipangwa gwaride moja, wakala katika sufuria moja, wakalala katika bweni moja. Wapo miongoni mwenu mnaotusikiliza waliopitia mambo hayo, na ninyi mnajua kuliko msomaji yeyote wa vitabu kwamba kazi ile haikuwa nyepesi. Ilihitaji mafunzo mapya, vyeo kulinganishwa, na subira ya miaka mingi. Lakini ilifanyika.

Angalieni pia jinsi ilivyofanyika. Polisi ya Taifa ilipoundwa, ujuzi wa kila upande haukufutwa. Pakawekwa makamishna wakuu wanne: wa usalama wa ndani, wa upelelezi wa mahakama, wa anga, mipaka na wageni, na wa magereza. Mpelelezi alibaki mpelelezi, na mlinzi wa mpaka alibaki mlinzi wa mpaka. Kilichobadilika ni kwamba juu yao palikuwa na mkurugenzi mkuu mmoja.

Mfano wa pili unatoka mbali zaidi. Tangu mwisho wa mwaka 2007 askari wetu walikwenda Somalia katika ujumbe wa Umoja wa Afrika, na walidumu huko hadi ujumbe uliofuata, uitwao ATMIS, ulipofikia kikomo mwezi wa Desemba 2024. Mwezi wa Desemba 2013 Jenerali Silas Ntigurirwa, mwana wa nchi hii, aliteuliwa kuwa kamanda wa majeshi yote ya ujumbe ule. Chini yake walikuwapo Waganda, Wakenya, Wadjibuti, Wasieraleoni, na baada ya muda mfupi Waethiopia, pamoja na Warundi wenyewe. Kila kikosi kilikuwa na bendera yake, lugha yake na chakula chake. Hakuna aliyeambiwa avue sare ya nchi yake. Lakini palikuwa na makao makuu mamoja, ramani moja na mgawanyo wa maeneo uliojulikana kwa wote. Ikiwa askari wa Burundi aliweza kufanya kazi bega kwa bega na askari wa mataifa matano huko Somalia, kwa nini asiweze kufanya hivyo na zimamoto wa mji wake mwenyewe?

Kwa hiyo, tunapozungumzia chombo kimoja cha kukabiliana na maafa, tunazungumzia mambo manne, na kila moja lafaa lieleweke vizuri.

La kwanza ni umoja wa amri. Sheria na itamke, kabla ya siku ya maafa, nani ni kamanda wa tukio katika komini, nani katika mkoa, na nani katika taifa. Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu, kwa sababu mipaka ya utawala imebadilika. Kwa sheria ya mwezi wa Machi 2023, mikoa 18 ilipunguzwa kuwa 5, na komini 119 zikawa 42. Komini ya leo ni pana zaidi, na njia kutoka makao yake hadi kilima cha mwisho imerefuka. Orodha za zamani za nani amwarifu nani zimepitwa na wakati, na kituo kisichobadilisha orodha yake kitapiga simu kwa ofisi isiyokuwapo.

La pili ni umoja wa taarifa. Kipimo cha mvua kilichochukuliwa na IGEBU hakina faida kikibaki katika daftari. Lazima kifike kwa afisa wa zamu katika chumba kimoja cha operesheni, kinachofunguliwa usiku na mchana, na kutoka hapo kiteremke kwa mkuu wa kilima kwa maneno ambayo mkulima anaelewa. Kumwambia mama wa Buterere kwamba zimetarajiwa milimita kadhaa za mvua hakumsaidii. Kumwambia ahamishe watoto kabla ya saa moja ya jioni kunamsaidia. Kadhalika polisi, jeshi, zimamoto na hospitali wawe na wimbi moja la redio la dharura, na raia awe na namba moja ya simu aikumbukayo hata akiwa na hofu.

La tatu ni umoja wa matayarisho. Vifaa vihesabiwe kwa pamoja. Afisa wa polisi ajue wahandisi wa jeshi wana mashine ngapi za kuchimba na mitumbwi mingapi. Kamanda wa kikosi ajue hospitali ya wilaya ina vitanda vingapi. Na zimamoto ajue mabomba ya maji ya kuzimia moto yako wapi katika kila mtaa, na yapi yana maji kweli. Mazoezi ya pamoja yafanyike angalau kabla ya kila msimu wa mvua. Maofisa wanaofahamiana kwa jina na sauti hawapotezi muda kuulizana vyeo wakati paa linawaka.

La nne ni uwajibikaji. Ambapo kila mtu anahusika kidogo, mwishowe hakuna anayeulizwa. Kikiwapo chombo kimoja, baada ya kila tukio kitaandika kilichotendeka, kilichokosekana, na kitakachorekebishwa, na taarifa hiyo itasomwa na wale watakaokabili tukio lijalo.

Lakini tuseme ukweli wote, maana wapo wanaopinga, na hoja zao zina uzito. Wanasema kwamba ofisi kubwa mno huwa nzito, na mfano wa Marekani wa mwaka 2005 unawaunga mkono. Wanasema pia kwamba nchi yenye fedha chache haina haja ya kuongeza wakurugenzi na magari yao. Na wengine wana wasiwasi kwamba mambo ya raia yakiwekwa mikononi mwa wenye silaha, mipaka ya kazi itavurugika.

Majibu yake ni haya. Chombo tunachokihitaji ni kidogo kwa idadi ya watu na kikubwa kwa mamlaka. Hakina haja ya kumiliki kila gari la zimamoto na kila gari la wagonjwa. Kinahitaji haki ya kuyaamuru saa ile inapotangazwa hali ya maafa, na haki ya kuyakagua kabla ya saa hiyo. Fedha zake nyingi ziende kwenye redio, mipira ya maji na mafunzo, na zilizo chache ziende kwenye samani. Na kuhusu silaha, jeshi linapoitwa kuwaokoa watu huitwa kwa nguvu zake, nidhamu yake na vyombo vyake, likiwa chini ya mamlaka ya kiraia iliyowekwa na sheria. Askari anayembeba mzee mgongoni kumvusha maji ya Gatumba hahitaji kuwa na bunduki.

Ndugu wasikilizaji, ndugu askari, muundo mpya hutungwa na viongozi na kupitishwa kwa sheria, na hilo huchukua muda. Ila yapo mambo ambayo hayangojei sheria. Mkuu wa kituo aweza leo hii kuandika katika ukurasa mmoja majina na namba za simu za zimamoto, za hospitali, za mhudumu wa Msalaba Mwekundu na za kambi ya jeshi iliyo karibu, na kuubandika ukutani anapouona afisa wa zamu. Mlinzi wa gereza aweza kuuliza: moto ukiwaka saa kumi ya alfajiri, funguo ziko kwa nani, nani wa pili baada yake, na wafungwa wanakusanywa wapi? Askari wa doria aweza kuyatembelea makorongo ya eneo lake wakati wa kiangazi, akatazama ni nyumba zipi zimejengwa ukingoni, na nani ndani yake hawezi kutembea. Kamanda wa kikosi aweza kumwalika mwenzake wa polisi wakatazama ramani moja kwa saa moja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na sisi tumekwisha kuona ukuta ukiwaangukia watu wakiwa usingizini.

Wito wa taifa letu ni maneno matatu: Umoja, Kazi, Maendeleo. Umoja umetajwa wa kwanza. Katika siku za kawaida umoja huo twauimba, na siku ya maafa hupimwa kwa saa iliyoko mkononi mwa afisa wa zamu, tangu simu ilipolia hadi mtu wa kwanza alipotolewa chini ya kifusi. Ikiwa kuunganisha idara zetu chini ya amri moja kutaupunguza muda huo, basi na ziunganishwe kwa busara, bila kuvunja ujuzi wa yeyote. Na wakati viongozi wakilipima shauri hilo, msimu wa mvua utakuja kama uendavyo kila mwaka, nao utatukuta kila mmoja katika zamu yake.